Roadster kuukuu Unguja: mwongozo wa kuitengeneza kwa kufuata maji

Gari yangu niliikuta Fuoni, chini ya mwembe, imefunikwa turubai la buluu lililooza kwa jua. Eunos Roadster, gari ndogo ya Mazda yenye paa la kukunja, injini ya lita 1.6, gia za mkono, lile umbo lenye taa zinazochomoza kama macho ya chura. Mwenyewe aliniambia, "Injini nzima ami, inataka betri tu." Hakusema uongo, kwani iliwaka siku ile ile. Asichoniambia ni kwamba nyuma ya kiti cha abiria kulikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi viluwiluwi wa mbu wanaogelea.

Tangu siku ile gari hii naikagua kwa kufuata maji: mvua inayoingia, chumvi inayong'ang'ania chini, maji ya rejeta yanayotoka, na unyevu unaojificha ndani ya mafuta ya breki. Injini yenyewe ni ngumu kufa, lakini bodi yake kisiwani hapa inakufa kimyakimya.

Nitakayoeleza ni ya kizazi cha kwanza, kilichoonyeshwa Chicago mwezi wa Februari 1989 na kuendelea mpaka 1997, kwa injini za 1.6 na 1.8. Japani ikiuzwa kwa jina la Eunos Roadster, kwengine Mazda MX-5. Mwenye kizazi cha pili, kile cha 1998 chenye taa zisizochomoza, atafaidika na mengi ya humu, ila asikate bati kabla ya kulinganisha.

Anza na chupa ya maji

Usishike spana bado. Chukua chupa ya lita moja na nusu, fungua paa hadi nusu, kisha mimina taratibu kwenye kona ya nyuma ya kiti, karibu na pale mkanda wa kiti unapojiviringisha. Maji yote ya paa hukusanywa na mfereji wa mpira ulioko nyuma, yakashuka kwa bomba kila upande na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Chuchumaa utizame. Yakitoka mbio kama ya birika la kutawadhia, umepona. Yakidondoka tone moja moja, au yasitoke kabisa, basi yanamwagikia ndani, mengine kwenye mazulia na mengine kwenye mbavu, yaani lile sanduku la bati linalopita chini ya mlango. Kutu inazaliwa humo.

Kuzibua usitumie waya wa chuma. Ndani ya bomba mna ulimi wa plastiki, na waya unautoboa au unaung'oa, ukabaki na tatizo kubwa kuliko la kwanza. Mimi nimetumia mshipi mnene wa kuvulia samaki wakubwa, niliununua Malindi ya hapa mjini Unguja. Unapinda kona bila kutoboa. Uingize kutoka juu, uzungushe, uvute, mimina maji ya uvuguvugu, rudia. Kwangu yalitoka majani ya mwembe meusi kama tumbaku, kisha kitambaa cha paa kilichochambuka, halafu ghafla maji yakafunguka na kunilowesha suruali. Sijapata kufurahia kulowa kama siku ile.

Fanya pande zote mbili hata kama mmoja unaonekana mzima. Mimi narudia Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Mazulia yakilowa, yatoe kabisa uyaanike, kwa sababu chini yana sponji inayoshika maji wiki nzima wakati juu pamekauka.

Kutu: gonga, sikiliza, kisha fungua

Gonga mbavu kwa kipini cha bisbisi kuanzia mbele hadi nyuma. Bati zima linalia "ting", bovu linajibu "pwa". Pahala pabaya zaidi ni pale mbavu inapokutana na tairi la nyuma. Baada ya hapo ni pembe ya chini ya madigadi ya mbele, nyuma ya tairi.

Hii ya pili wengi hawaijui. Toa tairi la mbele, fungua plastiki ya ndani ya madigadi kwa spana namba 10, utizame nyuma yake. Barabara zetu za ndani ni jiwe la matumbawe lililosagika, na lile vumbi jeupe likipata mvua linaganda kama chokaa ya ukuta. Kwangu nilitoa nusu kopo la rangi kila upande, na upande wa kushoto mlikuwa na jani limeshaota mizizi. Udongo ule unashika maji ya chumvi juu ya bati mwaka mzima. Ukwangue kwa kijiti cha mti, osha, acha pakauke.

Ukiwa dukani au uwanjani unachagua gari, nenda na sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Ikishindwa kushika kwenye mbavu, ujue chini ya rangi mna pati nene, ule udongo wa kujazia bati. Lakini usije ukagombana na muuzaji kwa ajili ya boneti. Boneti ya gari hii ni aluminiamu kutoka kiwandani, sumaku haishiki abadan.

Kutu ya juujuu unaimaliza mwenyewe: brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya gari. Iliyokwisha kutoboka ni kazi ya fundi wa kuchomelea, na hapa simama naye. Mbavu ina zaidi ya tabaka moja la bati, na ndiyo inayobeba gari isiyo na paa la chuma. Mwambie akate mpaka afike bati linalong'aa, aunge tabaka la ndani kwanza, halafu la nje. Fundi atakayekuambia "tutajaza pati, hutajua tofauti" anasema kweli: wewe hutajua mpaka jeki ipenye.

Na kwa kuwa nimetaja jeki: inua gari kwa mbele chini ya mhimili wa chuma uliobeba injini, kwa nyuma chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya matairi ya nyuma. Kisha weka stendi za chuma na zuia matairi yaliyobaki chini. Kulala chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hapana.

Kuosha chini kuna siri yake. Ukitoka Paje au Nungwi, osha chini ya gari siku hiyo hiyo, lakini kwa maji matamu. Visima vingi vya kando ya bahari vina chumvi. Nimeona mtu anaosha gari kila jioni kwa maji ya kisima cha aina hiyo, huku anajisifu kwa usafi. Onja maji kwanza. Baada ya kukauka, mimi hupaka ndani ya mbavu grisi iliyolainishwa kwa oili mpya, kupitia tundu zilizozibwa na vifuniko vya mpira. Oili chafu iliyotumika siipendi, inachafua kila kitu na inakula mipira. Na chochote utakachopaka, kisifike kwenye disiki za breki.

Betri imo ndani ya buti

Betri ya gari hii haiko mbele. Iko ndani ya buti, na ile ya asili ni ya kufungwa, ina vibomba viwili vyembamba vya kutoa hewa nje ya gari. Hapa kwetu ikifa, mtu anaweka betri ya kawaida ya maji inayomwaga mvuke wa asidi ndani ya buti iliyofungwa. Mwaka mmoja tu bati la chini ya betri linakuwa kama biskuti iliyotiwa chai. Ukikosa ya kufungwa, tafuta angalau yenye tundu la pembeni la kutolea hewa, uunganishe bomba mpaka nje. Kama asidi imeshamwagika, changanya magadi na maji, mimina, subiri povu liishe, suuza, kausha, piga rangi.

Maji ya ndani: rejeta

Hapa ndipo injini inapouliwa. Rejeta ya asili ina kichwa cha plastiki nyeusi. Ikigeuka rangi na kuwa ya kahawia au kijanikijani, imeshakauka na siku zake zinahesabika. Yangu ilipasuka nikiwa Mahonda, mchana wa jua kali, kwa mlio kama wa chupa ya soda. Nilizima papo hapo, na ndiyo maana bado nina injini. Ukiona mvuke, usijiambie "nifike tu kwa fundi".

Utaratibu wangu wa kubadilisha maji:

Injini iwe baridi kabisa. Fungua kizibo cha chini cha rejeta, kisha mfuniko wa juu. Washa swichi na uvute hita iende upande wa moto. Hita hapa Unguja nani anaitumia? Lakini nayo ina maji ndani, usiyasahau. Suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Mfumo wote unabeba kiasi cha lita 6. Changanya kulanti (dawa ya rejeta) na maji ya betri, yale yaliyosafishwa na si asidi, nusu kwa nusu. Maji ya bomba yanaacha utando, na ya kisima usiyafikirie.

Kutoa hewa, paki gari pua ikiwa juu kidogo, mfuniko wazi, washa, hita ikiwa bado kwenye moto. Acha mpaka mpira wa juu uwe wa moto, hapo themostati, yaani mlango unaofunguka kwa joto, imefunguka, na uongeze kila maji yanaposhuka. Mapovu yakiisha, funga.

Feni ya umeme ipime kabla haijahitajika. Ndani ya boneti mna kijisanduku kimeandikwa DIAGNOSIS. Swichi ikiwa imewashwa, unganisha kwa kipande cha waya tundu la TFA na la GND. Feni izunguke. Isipozunguka, tizama fyuzi na rilei, kisha mota. Na usisahau mipira midogo iliyojificha nyuma ya injini, kwa sababu ndiyo inayopasuka mwisho na kuchosha zaidi. Ukiwa tayari umemwaga maji, badilisha yote kwa pamoja.

Taimingi belti

Huu ni mkanda wa meno unaozungusha kemshafti, mihimili inayofungua valvu, kwa kufuata krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukinunua bila kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, hesabu kuwa haijabadilishwa. Kipimo cha kilomita 100,000 ni cha belti isiyovujiwa na oili. Habari njema ni kwamba kwa injini hizi za 1.6 na 1.8 za kizazi cha kwanza, belti ikikatika gari inazima tu, pistoni hazigongani na valvu.

Kabla ya kufungua lolote, chungulia puli ya krenkishafti ina nafasi ngapi, yaani mikato. Zile za mwanzo, mpaka mwaka 1991 hivi, puli yake ina nafasi nne, na pua ya krenkishafti ni fupi. Ikifungwa vibaya, bolti inalegea na kula kijipande kinachoshika puli, injini inaanza kuyumba taimingi. Zenye nafasi nane zina pua ndefu na hazina taabu hii. Ukiwa na nne, acha bolti ya katikati kama ilivyo. Puli ya nje inatoka kwa bolti zake ndogo, na taimingi belti inatoka bila kuigusa bolti hiyo ya katikati.

Toa nyaya za betri, mwaga maji, toa bomba la hewa, mikanda ya nje na plagi zote ili injini izunguke kwa mkono. Toa mfuniko wa valvu, puli, kisha vifuniko vya plastiki. Zungusha krenkishafti kufuata mwendo wa saa mpaka alama yake iwe juu, na puli za kemshafti herufi I na E zitizame juu. Piga picha. Legeza tenshena, ile puli inayokaza belti, toa belti.

Ukiifunga mpya, hesabu meno ya belti kati ya alama ya I na ya E: lazima yawe 19. Si 18, si 20. Hesabu mara mbili, kisha mwite mtu mwengine ahesabu. Halafu zungusha krenkishafti mara moja na sudusi tano, legeza bolti ya tenshena springi ivute yenyewe, kaza. Zungusha tena mpaka alama zirudi juu, hesabu tena 19.

Pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa altaneta, lakini huwezi kuitoa bila kutoa taimingi belti. Kwa hiyo ibadilishe siku hiyo, pamoja na oili sili za mbele (ila ya krenkishafti iache kama puli yako ni ya nafasi nne) na beringi ya tenshena. Kurudi mara ya pili kwa ajili ya pampu ni adhabu.

Oili inayovuja nyuma ya injini isikutie hofu haraka. Gereji moja waliniambia giaboksi ishuke, oili sili ya nyuma imekwisha. Nikaomba siku mbili. Kumbe ni oringi ya sensa inayokaa mgongoni mwa kichwa cha injini, kitu cha ukubwa wa pete, kimekauka kama plastiki. Chora alama kwa rangi kabla ya kuitoa sensa, kwa kuwa hapo ndipo taimingi ya moto inapowekwa. Ukimaliza, pima kwa taa ya taimingi: unganisha TEN na GND kwenye kile kijisanduku, isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Oili yenyewe kiasi cha lita 3.6 hadi 4 pamoja na filta. Filta imejificha chini ya manifoldi ya hewa, na kila mwenye gari hii ana kovu la moto mkononi. Subiri injini ipoe. Mlio wa "taktaktak" asubuhi ni tapeti za haidroliki, vijipande vinavyosukuma valvu kwa nguvu ya oili, mara nyingi zinanyamaza kwa oili safi. Usikubali kuuziwa oili nzito kama asali ili kuzinyamazisha.

Breki na klachi

Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, na hewa yetu ya pwani unaijua. Badilisha kila mwaka, DOT 3 au DOT 4, hata kama gari haitembei. Yakiwa meusi kwenye kikopo cha klachi, masta ya chini, ile pampu ndogo ya klachi, imeshaanza kufa. Dalili yake ni gia kugoma asubuhi mpaka upampu pedali mara tatu. Funua mpira wake pembeni ya giaboksi, ukikuta ndani kumelowa, nunua mpya. Na mara nyingi ile ya juu inafuata baada ya wiki chache, kwa hiyo mimi nimebadilisha zote mbili.

Kalipa za nyuma, zile zinazobana pedi kwenye disiki, zinahitaji mtu anayejua. Pistoni yake imeungana na breki ya mkono, haisukumwi kwa klampu. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya namba 14, na ukiitoa utakuta ndani tundu la alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Zungusha hiyo, pistoni inarudi. Weka pedi mpya, zungusha upande wa pili mpaka tairi lishike kidogo, kisha rudisha nyuma kiasi lizunguke huru. Fundi mmoja alinibania kalipa kwa klampu nikiwa nimekwenda kusali, na nilinunua kalipa nyengine. Sasa nasali baada ya pedi kuingia.

Umeme, kwa haraka

Gari ikikohoa siku ya mvua ikipewa mzigo, badilisha waya za plagi kabla ya kugusa koili. Plagi zenyewe NGK BKR6E-11 au BKR5E-11, nafasi kati ya milimita 1.0 na 1.1. Taa moja ikigoma kuchomoza njiani usiku, kwenye mota yake mna kitufe cha kuzungusha kwa mkono chini ya kifuniko cha mpira. Toa fyuzi yake kwanza, vidole vyako vinahitajika.

Matairi, matuta na paa

Upepo wa tairi za asili, 185/60R14, ni psi 26. Wajaza upepo wetu wanajaza 35 bila kuuliza, na gari nyepesi isiyofika tani moja inakuwa kama mpira wa tenisi, ikipita Jozani kwenye kona za mvua inateleza. Tizama tarakimu nne za mwisho pembeni ya tairi: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini la miaka kumi na mbili ni jiwe. Matuta yapande mshazari, tairi moja baada ya moja, na upige honi ukitaka, wacheke watakaocheka.

Paa la kitambaa lina dirisha la plastiki lenye zipu. Fungua zipu na ulilaze dirisha kwanza, ndipo ukunje paa. Ukikunja nalo, litapasuka katikati. Na usipaki chini ya mnazi. Hili sihitaji kulieleza.

Spea

Filta ya oili na vitu vyengine vya injini vinalingana na vya Mazda Familia, na Familia zimejaa. Rimu za matundu manne kipimo cha 4x100 zinapatikana kwa urahisi. Vya bodi, paa na breki za nyuma agiza Japani, au mtume mtu Kariakoo Dar. Mzigo ukija kwa boti, nenda Malindi na kile kibovu mkononi, ufungue boksi pale pale kabla mletaji hajaondoka, uvilinganishe: idadi ya meno, urefu, na upande. Mimi nimeshaletewa kalipa mbili za kushoto.